Chumba cha Magodoro na Sauti ya Mzee Maduhu

Daktari wa masikio alinivalisha hedifoni, akaniambia ninyooshe mkono kila nitakaposikia mlio. Nikakaa nikisubiri. Muda ukapita. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba hedifoni zake zina waya uliokatika upande wa kushoto, na kwamba mara nyingi hukatikia pale karibu na plagi, aukunjekunje kidogo ataona. Akazivaa mwenyewe, akasikiliza, akanirudishia. Waya ulikuwa mzima.

Ndivyo nilivyostaafu. Masikio yalitangulia, mimi nikayafuata. Sasa nyinyi vijana mnaorekodi hapa Bariadi, mnaoniita Mama Studio mbele yangu na Bibi Kebo nikigeuka (bado nasikia, ila si milio ya juu), mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Nitaandika. Nilichotoza hakiwahusu na vyeti sikuwa navyo, kwa hiyo tumeshaokoa kurasa nyingi.

Niliingia kazini kwa sababu nilikuwa na kompyuta, wala si kwa kipaji. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, na ofisi ilipobadilisha mashine zake mimi nikaondoka na moja ya zile za zamani. Kwaya yetu ikataka kurekodi. Studio zilikuwa Mwanza, na nauli ya kwaya nzima kwenda Mwanza ilikuwa ndoto. Mwenyekiti akasimama kwenye kikao akasema, "Mama Minza ana kompyuta." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama kompyuta yenyewe ina masikio.

Siku ya kwanza niliweka maiki moja katikati ya sebule, waimbaji wakaizunguka kama wanaota moto. Nikawawekea na spika mbili kubwa, nikazielekeza kwao, ili wajisikie wanavyoimba. Wenzangu mliowahi kufanya kosa hilo mnajua kilichofuata. Maiki ilisikia spika, spika ikaisikia maiki, zikaanza kujibizana, na mlio ukapanda mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Mwimbaji mmoja wa besi akashauri tusali kwanza. Tukasali. Nikafungua tena, ukalia vilevile. Siku hiyo nilijifunza kwamba anayerekodiwa havishwi spika usoni, huvishwa hedifoni masikioni, na kwamba sala ina mambo yake na nyaya zina mambo yake.

Mlio ule ulimleta mwalimu wangu. Duka la tatu kutoka kwangu, hapo Somanda, palikuwa na muuza magodoro aliyeitwa Mzee Sudi, mzaliwa wa Ujiji, ambaye kabla ya magodoro aliwahi kutunza vipaza sauti vya msikiti. Alikuja na kofia yake na tasbihi mkononi, akasimama mlangoni, akapiga kofi moja. Akatega sikio. Akasogea pembeni, akapiga jingine. Kwaya nzima ikamtazama.

"Mama Minza," akasema, "chumba chako kinaongea kuliko waimbaji. Kinyamazishe hicho kwanza."

Akatupeleka kwenye stoo yake ya nyuma. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa kuzunguka kuta zote mpaka darini. Akaniambia nipige kofi. Nikapiga, na kofi likaishia hapohapo mikononi mwangu, halikwenda popote. Nilicheka kwa furaha kama mtoto. Tangu siku hiyo sijawahi kufungua maiki kwenye chumba nisichokipigia kofi, na nyinyi mliponiona nafanya hivyo kwenye nyumba za watu mlidhani nafukuza mbu.

Ila stoo ya Mzee Sudi ilikuwa na kasoro moja. Ukuta wangu ulikuwa unauzwa. Watu wa huku wakishauza pamba wanaoa, na wakioa wananunua magodoro. Wimbo wa kwanza wa kwaya tuliurekodi stoo ikiwa imejaa. Wimbo wa nne tuliurekodi kukiwa kumebaki godoro moja la kitanda cha mtoto. Ukisikiliza albamu ile mpaka leo, kwaya inaanza chumbani na inamalizia ndani ya tangi la maji. Mchungaji aliisifu sana. Alisema unasikia kabisa jinsi tunavyopaa kwenda juu. Mimi ni nani nimsahihishe mchungaji.

Baadaye nikahamia chumba cha nyuma nyumbani kwangu, nikawaomba jamaa zangu wa vijijini wahifadhi magunia yao ya pamba humo wakisubiri soko. Pamba inameza sauti vizuri kuliko godoro, hilo nawaambia bila kuficha. Lakini panya nao wanaijua, na soko likifunguliwa mwenye pamba haulizi kama uko katikati ya ubeti. Mwisho nikanunua mablanketi mazito, nikayatundika kwenye kamba, umbali wa kiganja kutoka ukutani. Hayaolewi wala hayachambuliwi.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni kile kiboksi cha sauti chenye matundu manne, kinachokaa kati ya maiki na kompyuta. Nyinyi mnacho chenye matundu mengi na mnalalamika. Kabla yake nilikuwa nachota sauti zote kwa maiki moja. Kama ngoma imezidi imezidi, hakuna wa kuitoa. Kiboksi kilipokuja, kila sauti ikapata traki yake. Ni sawa na kupika: nyanya bakuli lake, kitunguu bakuli lake, chumvi bakuli lake, ukaamua mwenyewe nini kiingie sufuriani na kiasi gani. Ukishachanganya sufuriani, chumvi ikizidi utakula hivyohivyo. Juu ya meza nilibandika karatasi iliyoandikwa "Ngoma ikivuma sana hupasuka", kwa ajili ya wale wanaopenda kupandisha sauti mpaka taa nyekundu ziwake. Waliisoma, wakaisifu, wakapandisha.

Adui walikuwa wengi. Bodaboda. Mvua juu ya bati, ambayo haina traki yake na haikubali kushushwa. Jogoo wa Mzee Sudi yumo katika kaswida mbili za watoto wa madrasa, na katika moja ameingia mahali pazuri kiasi kwamba ustadhi alikataa nimtoe. Lakini adui mkubwa kuliko wote hana kelele. Ni ule ucheleweshaji. Mwimbaji akiimba, sauti yake inaingia kwenye kompyuta, inapiga hodi, inakaribishwa, inakaa kidogo, ndipo inarudi kwenye hedifoni zake. Ukiiambia kompyuta iharakishe, mashine ya zamani inaanza kukwaruza. Ukiiacha ijinafasi, mwimbaji anajisikia akiwa nyuma ya nafsi yake. Ni ucheleweshaji huo ulionikutanisha vibaya na Mzee Maduhu.

Mzee Maduhu alikuwa manju wa ngoma kutoka Sapiwi. Manju ndiye anayetunga nyimbo na kuziita, kundi likamwitikia. Na kwa wageni wa huku, ngoma zetu hazichezwi kwa zamu. Baada ya mavuno makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji hukimbilia upande unaowavuta. Atakayebakiwa na watu ndiye mshindi. Kwa hiyo kundi zima linasimama juu ya koo la mtu mmoja.

Alikuja asubuhi na binti yake, Milembe, mwanamke wa makamo mwenye watoto wake.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba. Karibuni ndani."

Sauti yake ilikuwa na mchanga. Akaniambia bila kuzunguka. Alikuwa na uvimbe kooni, hospitali ya Mwanza imempangia upasuaji, na madaktari hawakumficha: uvimbe utatoka, sauti inaweza isirudi.

"Nataka uichukue kabla hawajaifikia," akasema.

Milembe akanieleza yaliyobaki baba yake alipokwenda kunawa. Kundi lilikuwa limeanza kulegea. Wanasema manju akinyamaza watatawanyika, na wengine wameshaanza kuwasalimia watu wa upande wa pili kwa uchangamfu usio wa kawaida. Nikamuuliza kama yeye nyimbo anazijua.

"Zote, mama. Nimezaliwa ndani yake."

"Sasa si uite wewe?"

Akatazama chini. "Baba yupo. Nitaitaje mbele yake? Itakuwa kama nimemzika."

Kwetu hilo ni jambo zito, nikawapangia tu siku ya kurekodi.

Wakaja siku waliyoahidi, kundi zima na ngoma zao nyuma ya gari la mizigo. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mzee Maduhu ndani kwenye mablanketi, maiki yake peke yake. Waitikiaji barazani, maiki yao. Ngoma uani, mbali, na maiki mbili. Wote waimbe pamoja, kila mmoja na traki yake, na mzee awasikie wenzake kwa hedifoni.

"Yaani nikae humu peke yangu niimbe?" akauliza.

"Peke yako, baba. Wenzako utawasikia masikioni."

"Mayu, mtu mzima akifungiwa chumbani anaimba peke yake anasikia watu masikioni, kwetu huitiwa ndugu zake."

Barazani wakacheka. Akakubali, lakini likazuka la pili. Mzee Maduhu hawezi kuimba bila kufunika sikio la kulia kwa kiganja. Manju wengi wako hivyo. Ndivyo wanavyojisikia katikati ya vurugu ya uwanja, na walikuwa wakifanya hivyo kabla kiwanda chochote hakijatuuzia hedifoni. Nikimvalisha, mkono unazikuta hedifoni, anazisukuma, zinaanguka. Tukabishana kidogo. Nikamvalisha upande wa kushoto tu, mkono nikauachia upande wake, spika ndogo ya hedifoni ya upande wa kulia nikaizima isije ikavuja kwenye maiki. Fanyeni hivyo nanyi. Mtu anayejua kuimba usimfundishe pa kuweka mkono.

Nikatoa ishara. Ngoma zikaanza. Mzee akaita mstari wa kwanza, akasita. Akaita tena, akasita. Akazitoa hedifoni, akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea mlango, akatoka nje.

"Kuna mtu ananifuatisha," akasema.

Ngoma zikakoma.

"Kila neno ninalosema analisema nyuma yangu. Wamemtuma. Wanataka nyimbo zangu mpya kabla ya mavuno." Akawatazama watu wake mmoja mmoja. "Tena ana sauti mbaya gete, mbaya kabisa."

Msimcheke haraka. Kuiba wimbo wa manju na kumwigiza uwanjani kwa kejeli ni silaha ya siku zote huku kwetu, na manju mwenye akili huficha nyimbo mpya kama mbegu. Akaizunguka nyumba na fimbo yake, sisi sote nyuma. Upande wa pili akamkuta Mzee Sudi anasukuma mkokoteni wenye godoro.

"Wewe ni wa upande gani?" Mzee Maduhu akamuuliza.

"Upande gani wa nini?"

"Upande wako ni upi?"

Mzee Sudi akalitazama godoro, akamtazama mwenye fimbo. "Upande wa biashara, ndugu yangu."

"Umeimba hapa sasa hivi?"

"Bwana, mimi nikiimba wateja wanakimbia. Muulize Mama Minza."

Kundi zima likaangua kicheko, na mpiga ngoma mmoja akakaa chini kabisa. Nilimshika mzee mkono, nikamrudisha ndani, nikamvalisha hedifoni, nikamwambia aseme jina lake kwenye maiki. Akasema. Jina likamrudia likiwa limechelewa.

"Huyo ni wewe, baba. Sauti inazunguka kwenye kompyuta ndipo inakufikia."

"Basi mwambie awahi," akasema.

Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akaniuliza, "Ndivyo ilivyo sasa? Hiyo mbaya?"

Nilitamani kusema ni hedifoni, ni waya, ni umeme wa Bariadi. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Iliniuma kumwambia.

Akatikisa kichwa, akajiweka sawa mbele ya maiki. Mimi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Sauti yake iliyokuwa inarudi kutoka kwenye kompyuta nikaizima, na kile kitufe cha kuzungusha kilicho mbele ya kiboksi nikakigeuza, ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye maiki bila kupita kwingine. Wenzake waliobaki akawasikia kama kawaida. Likaririni hilo hata mkisahau mengine yote: mwimbaji asijisikie kupitia kompyuta kama kuna njia ya mkato.

Akaimba. Ule mchanga kooni ulikuwepo, na mahali pa juu sauti ilipasuka, lakini kila alipoita barazani waliitikia kama waliovutwa kwa kamba. Sikumwomba arudie hata mara moja. Alipomaliza wimbo wa mwisho nikaona taa ya traki yake inatulia, inazimika, nikajua nimeichukua yote, safi, peke yake, bila ngoma ndani yake. Katika miaka yangu yote sijarekodi sauti iliyonifurahisha kiasi kile. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, "Wabeja, mayu," wakapanda gari wakaenda.

Upasuaji ulifanyika. Uvimbe ulitoka. Sauti haikurudi.

Milembe alikuwa amechukua nyimbo kwenye simu ili ajifunze vizuri kila mwito. Kundi nalo likagundua raha yake. Likawa linakutana, linaweka simu kwenye spika, Mzee Maduhu anaita kutoka ndani ya spika, wao wanaitikia. Hakuna aliyetawanyika tena. Mavuno yalipokaribia wakaamua kwamba siku ya mashindano watafunga spika kubwa juu ya nguzo, manju aite kutoka huko. Waliniletea habari hiyo kwa fahari, wakaniomba niiongezee nguvu sauti ya mzee. Mimi nami nilijisikia mtu mkubwa sana, niseme ukweli. Kazi yangu ilikuwa imeokoa ngoma ya watu.

Mzee Maduhu alikuja siku hiyohiyo, na Milembe. Alikuwa amekonda, shingoni ana kovu jipya. Akiongea unasikia pumzi tu, ikabidi nisogeze kiti. Akaniomba nimpigie wimbo mmoja kwenye spika za chumbani. Nikampigia ule wa kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono haukwenda sikioni.

"Ni mzuri," akasema kwa pumzi. "Sasa nitoe."

Sikumwelewa. Akaelekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta, kwenye zile traki zilizolala moja juu ya nyingine.

"Mimi ni ipi?"

Nikamwonyesha.

"Itoe. Ngoma zibaki, watu wabaki. Wape hiyo wakafanyie mazoezi."

"Baba, hiyo ndiyo sauti yako," nikasema. "Ukiitoa hakuna wimbo."

"Upande wa pili wana manju," akasema. "Sisi tuna nguzo. Nguzo haioni watu wakianza kuondoka. Haiwezi kubadili mwito ikawarudisha." Akapumzika. "Watashindwa, mayu. Halafu watatawanyika, na mimi nikiwa naimba hapo juu."

Milembe alikuwa analia. "Baba, iache. Mimi siwezi."

Mzee aliniuliza kitufe kipi, nami nikaona hataki nikibonyeze mimi, nikampa kipanya na kumwonyesha penye herufi ya kuzima traki. Akapatafuta. Akabonyeza. Ile traki ikageuka kijivu.

Nikarudisha wimbo mwanzo, nikaucheza. Ngoma zikaingia. Pakafika mahali pa mwito, pakawa wazi, ngoma tupu zinapiga, halafu waitikiaji wakaitikia mtu ambaye hayupo. Ilikuwa vigumu kusikiliza. Pakafika pa pili, pakapita vilevile. Mzee Maduhu alikuwa amemgeukia binti yake, anamtazama tu, hamhimizi wala hamkemei.

Pa tatu Milembe aliita.

Aliita akiwa amefumba macho, sauti kavu ya mtu aliyekuwa analia, ameanza juu mno. Waitikiaji wakamwitikia, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamerekodiwa, lakini mwili wake ukashtuka kama wamemjibu yeye. Pa nne alishusha, akapata mahali pake, na mwito haukuwa wa baba yake. Mwishoni aliupinda kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Manju haitikii. Nimerekodi wengi, na hakuna hata mmoja niliyemwona akimwitikia mwingine, hata akiwa amekaa kando, hata akiwa amelewa. Kazi yake ni kuita. Lakini Milembe alipoita mara ya tano midomo ya Mzee Maduhu ilifunguka, pamoja na wale wa kwenye traki, akaitikia neno kwa neno mpaka mwisho wa wimbo. Kwa mazoea nilikuwa nimeshawafungulia maiki, na kwa mazoea nikatazama taa kuona kama sauti ya mzee inasoma. Ilikuwa inasoma ya Milembe tu.